Mkono wa Mzee Mwasomola, Mashine, na Kamba ya Mitumba

Vijana wa chumba cha mazoezi mmeniomba niandike, na mmeninunulia daftari jipya kabisa ili nisije nikasingizia karatasi. Haya. Vyeo sitavigusa, mshahara ndiyo kabisa. Hayo yamo kwenye faili, na faili lenyewe lina ukungu. Miaka ya mwisho mliiona wenyewe. Nitaandika ya mwanzoni, maana kila mwezi nawaona mnafanya kosa nililolifanya mimi nikiwa na miaka ishirini na moja, tena mnalifanya kwa kujiamini kuliko mimi. Nimechoka kulitazama.

Nilianza kazi na cheti cha darasa la saba na kicheko kingi. Naitwa Tusekile, na kwetu hilo ni jina la furaha, basi nilikuwa nalitii kama agizo la mkubwa. Nilichukuliwa kufagia, kufua mashuka na kuchota maji katika chumba cha mazoezi ya viungo, ambacho siku hizo kilikuwa stoo ya zamani ya magodoro nyuma ya hospitali. Bati lilivuja sehemu mbili. Mvua ya Tukuyu mnaijua. Tulikuwa na ndoo mbili za kupigia deki na ndoo mbili za kukingia, na siku zote ile unayoitaka ndiyo ilikuwa inakinga.

Mwenye chumba alikuwa Mama Mhina, mtaalamu wa viungo, mtu wa Muheza aliyepangiwa kazi huku kwetu. Alivaa sweta mbili kuanzia Januari mpaka Desemba na hakuwahi kuisamehe serikali kwa baridi ile. Siku yangu ya kwanza aliniona nimesimama na ufagio, nikitazama mgonjwa aliyepooza upande. Akaninyang'anya ufagio.

"Njoo ushike huu mkono."

Nikaushika. Nikaanza kuunyoosha, najua mimi, nimeona wanavyofanya.

"Nimesema ushike, sikusema uvute. Utulie mpaka mkono ukwambie kitu."

Nilishika mkono wa mtu nisiyemjua mpaka chai ya saa nne ikapita. Haukuniambia kitu. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya nne nilisikia chini ya vidole vyangu kitu kidogo kama samaki anayegeuka kwenye matope, nikapiga kelele, na Mama Mhina akasema, "Basi, umeanza kazi. Sasa nenda ukafagie." Baadaye alizoea kuweka mikono ya wagonjwa watatu chini ya shuka moja, nami nimefumba macho, nimwambie upi una nguvu, upi unadanganya, upi umelala. Nikikosea ananipiga kibao cha begani kwa daftari la mahudhurio. Hiyo ndiyo shule niliyosoma.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi. Reli za kujifunzia kutembea zilikuwa mabomba ya maji yaliyobaki kwenye ujenzi. Uzito wa kunyanyua ulikuwa mchanga wa mtoni ndani ya miguu ya suruali za jinzi. Kupima pembe ya goti tulikuwa na kipimo cha plastiki chenye mikono miwili, mmoja umevunjika na kufungwa kwa plasta. Kwa vidole vilivyokakamaa tuliyeyusha mishumaa kwenye sufuria. Na wagonjwa hawakuyataka yote hayo. Mtu anatoka Matwebe kwa miguu ya mwenzake, unamnyoosha, unamkunja, unatokwa jasho, mwisho anakutazama kwa huruma na kuuliza, "Sasa dada, sindano nachomwa wapi?" Nikawa nacheka. Mama Mhina hakuwa anacheka.

Hiyo ilikuwa miaka milango ya biashara ilipofunguliwa. Sokoni vilianza kuonekana vitu tulivyokuwa tunavisikia tu, na kila gulio marobota ya mitumba yalikuwa yanapasuliwa chini ya turubai. Hospitali nayo ilipata marobota yake. Wahisani walituletea magongo ya kutembelea ya watu warefu kuliko mlango. Walituletea baiskeli ya mazoezi isiyo na pedali. Walituletea kitanda cha umeme ambacho plagi yake haikuingia kwenye tundu lolote la nchi hii, na maelezo yake yaliandikwa kwa lugha ambayo hata padri aliyesoma nje aliigeuza juu chini akairudisha. Kila boksi lilihitaji barua ya shukrani. Barua niliziandika mimi, kwa mwandiko mzuri.

Ndipo akaja Injinia Temu na mashine iliyofanya kazi.

Injinia alikuwa kijana wa Moshi, amerudi kutoka masomoni ng'ambo, amepewa miezi mitatu kwetu na wagonjwa kumi na wawili. Mashine yake ilikuwa na vipande vitatu. Kwanza, vibati vidogo vyenye nyaya, vinabandikwa juu ya ngozi kusikiliza msuli. Pili, kompyuta, ya kwanza kuingia kwenye jengo lile, inachora mstari: msuli ukijikaza mstari unaruka, ukilala unanyooka. Tatu, glovu ya mpira yenye mota, inayofungua na kufunga vidole vya mgonjwa pale kompyuta inapoona msuli umejaribu. Shida ni kwamba kompyuta ilikuwa haijui kujaribu ni kupi. Ilibidi ifundishwe. Kutwa tunaibonyezea: hapa amekaza, hapa amelegea, hapa amepiga chafya.

"Inajifunza kwa mifano," Injinia aliniambia. "Ukiipa mingi, itajua yenyewe."

"Kama mimi chini ya shuka," nikasema.

Akanitazama vibaya kidogo. Ilibidi Mama Mhina aeleze.

Nawaambia ukweli, nilipenda mashine ile kuliko wanaume walioniposa. Nikiwa nafua mashuka nilikuwa naona watu wote waliopooza wa Rungwe wamejipanga na glovu za mpira, wanachuma chai, wanapunga mikono, na mimi katikati nimevaa koti jeupe nabonyeza. Mama Mhina aliniona nimesimama na shuka linachuruzika maji, akasema, "Mwanangu, hiyo inaondoka baada ya miezi mitatu. Shuka linabaki." Nikamwona mtu mzima asiyependa maendeleo.

Sasa mgonjwa wa tisa. Mzee Mwasomola wa Masoko, mwenye kahawa na migomba, mjane, kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu ulirudi nusu, akatembea kwa gongo. Mkono haukurudi. Aliletwa kila wiki na jirani yake, mzee mwenzake, kwenye lori la ndizi. Mwanawe Ambakisye, mwenye duka la spea Mbeya mjini, alikuja siku ya kwanza, akasimama katikati ya chumba na funguo za gari mkononi.

"Dada, niambie ukweli. Nyumbani hakuna wa kumlisha. Jirani anakuja asubuhi kumwogesha, basi. Kama miezi mitatu ikiisha hawezi kula kwa mkono wake, namchukua Mbeya."

Mzee alikuwa amekaa pale pale. Alisubiri mwanawe atoke, akaniambia taratibu, "Binti, mimi Mbeya nitakaa juu ya godoro kwenye chumba cha kupanga nisikilize magari. Mama yao nimemzika pale chini ya kahawa. Nisaidie."

Nikamwambia atapona. Hivyo tu, kama vile mkono ni wangu.

Kwenye mashine, wiki ya kwanza, mstari wake uliruka. Kidogo, lakini uliruka, na hata Mama Mhina aliyeushika mkono ule asubuhi alikuwa hajausikia. Haki ya mashine nampa Injinia. Msuli ulikuwa hai. Tatizo, mara moja kwa wiki haitoshi kitu. Mkono wa kiharusi unataka kazi kila siku, asubuhi na jioni. Kwa hiyo nikamwambia jirani, "Nitumieni mtu wa nyumbani nimfundishe."

Juma lililofuata akaja mwanamke kijana, mchangamfu, khanga safi, viatu amebeba mkononi asivichafue. Mama Lugano. Nilimfundisha saa mbili nzima. Nilitumia mkono wake mwenyewe kama mfano: hapa unashika kiwiko, hapa unavuta mpaka kumi, hapa unaachia taratibu. Alijua haraka kuliko wauguzi.

"Umeelewa, Mama Lugano?"

"Nimeelewa kabisa, dada."

"Utafanya kila siku?"

"Nitafanya. Ndaga fijo." Asante sana, hiyo, kwa Kinyakyusa chetu, na akaondoka.

Wiki ya tatu mstari haukupanda. Ya nne haukupanda. Ya tano ulianza kushuka, na bega la mzee likaanza kukakamaa. Kila akija nauliza, "Tata," yaani baba, "mazoezi nyumbani yanafanyika?" Anatazama dirishani, anasema, "Ee, ndaga." Jirani naye anatazama dirisha lile lile. Nikamwandikia Mama Lugano kibarua cha ukali. Akajibu kwa mwandiko mzuri kwamba mazoezi anafanya kila siku, asubuhi na jioni, hajakosa hata siku moja.

Injinia aligonga kalamu kwenye kioo cha kompyuta. "Hii inajifunza, dada Tuse. Mzee wako hajifunzi. Mstari ukiendelea hivi wiki mbili, nafasi yake nampa mwingine."

"Mpe muda."

"Muda ninao wa kumpa? Wamenipa miezi mitatu na mvua imenila wiki nzima."

Ni kweli, unyevu ulikuwa umeingia kwenye nyaya. Nilikasirikia mvua, nikamkasirikia yeye, na zaidi nilimkasirikia yule mwanamke mwongo. Jumamosi nikadandia lori la ndizi linalorudi, nikashuka njia panda, nikapanda kilima cha Masoko kwa miguu, nina maneno yangu nimeyapanga tangu Tukuyu.

Nilimkuta jikoni. Jiko lao lilikuwa kibanda cha mianzi peke yake, hatua kama nane nyuma ya nyumba kubwa ya matofali. Alinipokea kama ndugu, akanipa kigoda na ndizi ya kuchoma. Nikafungua mdomo nianze, mara tukasikia gongo nje na mzee anakohoa, anakuja upande ule na jirani yake.

Mama Lugano aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akajifunika khanga kichwani mpaka usoni, akainama, akapenya mlango wa nyuma, akapotelea kwenye migomba. Mzee naye, alipoona moshi wa jiko, aligeuza uso kabisa ukutani akapita hivyo, upande upande, kama mtu anayepishana na jua. Hatua zilipoisha, yule mwanamke alirudi, akashika mwiko, akakoroga.

Nikaiweka ndizi chini. Maana mimi ni Mnyakyusa. Mama yangu mzazi, hapa hapa Bagamoyo yetu ya Tukuyu, nilimwona mara ngapi akiacha njia na ndoo yake kichwani, anaingia shambani kwa watu mpaka babu apite. Mkamwana hamwoni mkwewe. Hamsemeshi, hali naye, hamgusi. Nimelelewa katika hilo. Ila nilipovaa gauni la hospitali na kushika nyaya, nilijiona niko nchi nyingine, ambako mkono ni mkono tu, na ukishikwa na yeyote unapona.

"Kumbe ni mkwe wako?"

"Sasa ulidhani ni nani?"

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, dada. Ulitaka mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani si ndiye mimi?"

"Lakini umeniandikia kwamba unafanya kila siku."

"Nafanya," akasema, akakunja mkono wa blauzi. "Nafanya kwa mkono wangu. Asubuhi na jioni, mpaka kumi, kama ulivyosema. Nilisema nitafanya, nisingeweza kuwa mwongo." Akaukaza mkono. Ulikuwa mkono mzuri sana, wenye afya kuliko yote wilayani.

Nilitaka kulia, nikacheka, kisha nikalia kweli. Yeye akadhani ni moshi, akanisogezea kigoda. Wote wawili, yeye na mkwewe, walikuwa Wakristo, mchungaji aliwahi kuwaambia mambo hayo ya kukwepana yamepitwa. Wakamwitikia amina na kuendelea. Na yeye Mama Lugano, mke wa Ambakisye, alikuwa na lake moyoni. "Mume wangu kule Mbeya ana vyumba viwili. Baba akiingia kimoja, mimi nitakanyaga wapi? Ndoa yangu itakuwa ya barua."

Nilirudi na kumweleza Mama Mhina. Nilitegemea kibao cha daftari. Akavuta sweta. "Na mimi nimekaa huku miaka saba nasikia hiyo habari," akasema. "Nikidhani ni ya kusimuliana." Kisha akafungua kabati, akanipa kapi mbili za mbao tulizotumia kunyanyulia miguu ya wagonjwa. Kamba hatukuwa nayo. Nikaenda sokoni kwa mwenye mitumba, akanipa ile ya nailoni inayofunga robota, ndefu, haiozi kwa mvua.

Tukarudi Masoko, mimi na fundi wa hospitali. Kapi moja tuliifunga kwenye boriti chumbani kwa mzee, juu ya kiti chake. Kamba ikapita pale, ikatoka kwenye kidirisha cha nyuma, ikavuka ua, ikapita kapi ya pili kwenye ukuta wa jiko, ikaingia ndani karibu na mafiga. Upande wa mzee kulikuwa na mpini wa jembe uliokatwa, mkono wake unafungiwa hapo kwa bandeji na jirani kila asubuhi, na jioni anaufunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto na meno. Upande wa jikoni kulikuwa na kitanzi.

"Ukivuta mara mbili fupi, ni hodi," nilimwambia Mama Lugano. "Halafu unavuta polepole mpaka kumi, unaachia polepole. Ukisikia uzito umegoma, usishindane nao."

Nikazunguka nyumba, nikamwambia mzee yale yale. Alitazama kamba inayotoka dirishani, akauliza, "Na huko mwisho wake kuna nini?"

"Kuna jiko, tata."

"Jiko," akasema. Akafikiri. "Basi ni sawa. Jiko halina ubaya."

Kukwepana kulikuwa pale pale, hakuna aliyemwona mwenzake wala kusema naye. Mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni, mkono wa mzee ulipanda na kushuka, huku ndizi zinaiva.

Wiki ya saba mstari ukaacha kushuka. Ya nane ukapanda. Injinia akadhani nyaya zimeharibika tena, akabadilisha vibati, ukapanda vile vile. Wiki ya tisa Mama Lugano akaja hospitali peke yake, kwa miguu, matope mpaka magotini. Nikajua kuna msiba.

"Dada," akasema, hata salamu hakutoa. "Leo kamba imenivuta."

"Imekuvutaje?"

"Nimevuta mpaka kumi. Kabla sijaachia, ikaenda yenyewe. Nilikuwa nimeishika, ikanisogeza mkono hivi." Akanionyesha, urefu wa kidole. "Ni yeye."

Nilimshika mkono nikampeleka kwa Injinia arudie maneno hayo hayo. Injinia alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alifunga safari Masoko na futi kamba yake, akapima urefu wa kamba, upana wa kapi, umbali wa dirisha na jiko, akaandika yote, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna jinsi ya kuuliza jiko linavuta kwa nguvu kiasi gani. Nikamwambia akamuulize mwenyewe jikoni, yeye si mkwe wake. Nilikuja kuiona ripoti yake baadaye. Kwenye mgonjwa wa tisa walioihariri ng'ambo waliacha mstari mmoja: aliendelea vizuri, sababu haikubainika. Sababu ilikuwa imebainika kwa sentimita. Hadi leo jambo hilo linanipandisha presha.

Niwaambie na nyinyi. Sasa mna kishikwambi kinachojua msuli kuliko nilivyoujua mimi, na kinajifunza kila siku, sibishi. Lakini fomu yenu ina mahali pa kuandika msaidizi wa nyumbani, na nyinyi mnaandika jina mnaendelea. Ulizeni: huyu ni nani wake, na anaruhusiwa kumgusa? Maneno saba. Nimeyasema kwenye vikao mpaka nikaitwa Mama Maneno Saba, na bado mnaandika jina.

Miezi mitatu ilipoisha Ambakisye alikuja na pikapu. Alikuwa ameshaweka godoro nyuma. Mzee akasema kwanza chakula. Tulikaa chumbani kwake, yeye, mwanawe, Injinia na mimi, na jirani akaleta bakuli la ndizi na maharage kutoka jikoni, akaliweka kwenye meza. Mkono wa kulia ukatoka mapajani. Ulitetemeka. Tonge la kwanza lilianguka mezani, la pili likaangukia shati. Ambakisye akanyoosha mkono wake amsaidie.

"Acha," baba yake akasema, bila ukali.

La tatu likaingia. La nne likaingia. Tulikaa pale tukimtazama mtu mzima anakula, ndizi moja moja, mpaka chai zetu zikapoa na mvua ikaanza na kuacha. Alipofuta bakuli kwa kidole, kidole cha kulia, Ambakisye aliinuka, akatoka nje, akalifungua godoro kwenye pikapu, akalirudisha ndani akiwa amelibeba kichwani ili tusimwone macho.

Nikapita nyuma jikoni kumpa Mama Lugano habari. Alikuwa anazo tayari. Ukuta wa mianzi hauzuii kitu. Lakini hakuwa na uso wa sherehe. Alikuwa anaondoa sufuria motoni kwa hasira.

"Dada, nimefurahi. Lakini nenda umwambie apunguze."

"Apunguze nini?"

"Kuvuta. Siku hizi akisikia njaa anavuta. Akitaka chai anavuta. Akiwa hana la kufanya anavuta. Jana nimevutwa mara nne nikiwa na mwiko mkononi, nimeunguza maharage. Mimi siwezi kumwambia."

Nikazunguka nyumba, nikamwambia mzee. Alisikiliza kwa heshima zote, akautazama mkono wake uliokuwa tayari umerudi kwenye mpini.

"Sawa," akasema. "Na wewe kawaambie hao wa jikoni, chakula kikija mapema, kamba itapumzika."

Nikazunguka tena.